Kwako Uliyevishwa Majani Makaburini

Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo,

Sikujulii hali. Wanaotoka Nairobi wananiambia umenenepa, na hiyo inanitosha.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hushiki. Tena nataka ukoo mzima usome, kuanzia Garissa mjini hadi Kotile, maana kiapo chako hukukila mafichoni. Ulikila sebuleni kwa baba, mbele ya wazee, mkono juu ya msahafu. Baba alikuwa ameshapooza upande mmoja. Aliwaambia hana mtoto wa kiume, na kwamba miaka yote ya ugonjwa wake mimi ndiye niliyesikiliza kesi za visima na za damu, basi usultani wa ukoo uje kwangu. Wazee wakakohoa. Wewe ukasimama wa kwanza. "Wallahi adeer, baba yangu mkubwa, mimi namfuata huyu," ulimwambia, na wazee wakaapa baada yako. Baba alilia, unakumbuka? Nilimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wangu. Siku hiyo nilikupenda kuliko nafsi yangu.

Na kwa nini nisikupende? Ulikuja kwetu yatima, makamasi yanakutiririka. Mama alikupa maziwa ya ngamia kabla yangu kwa kuwa wewe ni mvulana, nami nikangoja zamu yangu. Ulipompoteza ndama wa ngamia malishoni nilisema ni mimi, nikachapwa. Jioni uliniletea matunda ya mwituni kuniomba radhi, kisha ukayala karibu yote mwenyewe. Nilicheka sana, mjinga mimi.

Kisha baba akafa. Unajua vizuri kwamba kwetu mwanamke haendi makaburini. Nilibaki nyumbani napokea pole na kuwapikia wali nyinyi mliokwenda kumzika. Mliporudi, wanaume wote walikuwa wanaangalia chini, na wewe ulikuwa na majani mabichi kichwani. Majani ya usultani, ambayo mtu huvishwa barazani baada ya matanga, ukoo mzima ukishuhudia. Mlivishana makaburini kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo nisingeweza kusimama na kusema hapana. Udongo wa baba ulikuwa bado mbichi. Halafu ukanawa mikono, ukakaa, ukala wali wangu.

Nilimwendea kila mzee aliyeapa. Mmoja aliniambia bila haya, "Sisi hatukuapa, mama. Tulimridhisha mgonjwa tu." Mwingine akauliza nani atampelekea mwanamke kesi ya damu, yeye ambaye kesi ya damu ya mwanawe niliimaliza mimi.

Sasa kiti unacho na hukikalii. Unasuluhisha watu kwa simu, siku ukiamua kushika. Wiki iliyopita ng'ombe wa watu wetu waliingia shamba la mtu mmoja wa huko mtoni, karibu na Kotile, na mapanga yakatoka. Mwenye shamba alikuja hadi mlangoni kwangu. "Mama, sultani wenu nimempigia mpaka chaji imekwisha. Nani atanisikiliza?" Nikatandika mkeka kwenye baraza ya baba. Nilizisikiliza pande zote mbili, nikaamua mkulima apewe ng'ombe wa fidia. Wale wale wazee walikuja wenyewe, wakaketi, wakasema amin.

Lazima habari imekufikia, maana jana mkeo alinipigia: eti nikinyamaza utanifanya msemaji wa akina mama. Mwambie asinipigie tena. Nakuchukia, ndugu yangu, na nimechoka kulisema hilo kwa adabu. Usiku mwingine nakukumbuka ulivyokuwa mdogo na nakuchukia zaidi.

Sina kwaheri ya kukupa, kwa sababu nataka uje. Alhamisi naketi tena barazani na watu wameshaambiwa. Kama kiti ni chako, njoo uninyanyue kwa mikono yako mwenyewe, mbele ya hao hao uliowaapia. Nauli nitakulipia mimi.

Dada yako,
binti wa baba yako mkubwa