Wiski ya Kijapani Iliyonishinda Katubuka

Katubuka,
Kigoma.
14 Septemba 2024.

Mpendwa Kaka Leodgar,

"Mjapani ni mwigaji tu, na mwanafunzi wa mwigaji hawezi kuwa fundi." Hayo ni maneno yako katika barua ya mwezi wa saba, na kwa maneno hayo umezuia mpwa wetu Frida asipewe kiwanja cha baba cha Buzebazeba. Nitayavunja. Lakini kwanza shikamoo, kaka. Adabu haijaniisha.

Hujambo na baridi ya Edinburgh? Goti linaendeleaje? Shemeji Diana alinieleza kwa simu kwamba siku hizi unashuka ngazi kinyumenyume. Pole sana. Sisi huku ni wazima. Mke wangu Veneranda bado anafundisha, na dada yetu Agnesi amepona macho; anasoma Biblia bila miwani na kutukumbusha dhambi zetu kwa sura na mstari. Samaki wetu wa ziwani, migebuka, wamekuwa wengi wiki hizi, tunawala mpaka paka wamechoka.

Sasa twende vitani.

Frida alirudi mwezi uliopita. Mtoto wa dada yetu amekaa Japani miaka sita, minne kati yake ndani ya kiwanda cha wiski, akamletea mjomba wake chupa moja. Unanijua. Nimegombana na wahariri, na maaskofu, na wabunge wawili, lakini kwa habari ya wiski nilikuwa askari wako. Tangu uliponitumia ile chupa ya kwanza mwaka wa harusi yangu, kwangu wiski ni ya Uskoti, ya shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, basi. Nikamwambia, "Asante mwanangu, hii tutaichanganya na soda."

"Mjomba, muogope Mungu," akasema. "Onja kwanza, utukane baadaye."

Tukapatana kufanya jaribio Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Chupa yako ya mwisho, ile ya kisiwani yenye moshi wa mboji wanayokaushia shayiri, ishindane na yake. Veneranda amimine jikoni vikombe viwili, na ajue yeye peke yake kipi ni kipi. Jirani yetu Hamdani, mzaliwa wa Ujiji asiyegusa kileo, akaja na birika lake la chai, akaketi mbali karibu na mlango. "Watu wazima," akasema, "mnanusa vikombe kama paka aliyewekewa samaki wa jana."

Kosa tulilofanya ni la kwetu kabisa. Unajua anayemimina lazima aonje mbele ya wageni, waone kwamba kinywaji hakina ubaya. Veneranda hakuweza kuikiuka mila hiyo hata kwa ajili ya sayansi. Akafika mezani, akanywa funda la kikombe cha kwanza, akakunja uso: "Yesu wangu! Hiki kimebanikwa motoni pamoja na migebuka!"

Kabla hajagusa cha pili nilikuwa nimesimama. Moshi! Nani mwingine ana moshi kama si Mskoti? Nikakinywa kile kikombe, nikakihutubia. Moshi mwembamba, ganda la chungwa, na mwishoni harufu ya udi, kama nyumba ya Ujiji yenye harusi. Nikasema hayo ndiyo matunda ya karne nyingi, hayaigwi. Kisha nikaonja cha pili. Nacho kilikuwa na moshi, ila mkali, wa kukwaruza. Nikasema, "Huu ndio mwigo. Moshi upo, utulivu haupo."

Veneranda akaleta chupa, akaziweka mbele yangu, kila moja nyuma ya kikombe chake.

Kaka, niliyoitukana ni ya kwako.

Hamdani alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mwandishi," akasema, "na hili liandike gazetini."

Ninaliandika, na ninaliandika kwa fahari. Nimeshindwa na mtoto tuliyembeba mgongoni. Ule udi nilioushangilia, ameniambia, unatoka kwenye mapipa ya mwaloni wa kwao Wajapani. Walikwenda Uskoti kujifunza, ni kweli, kisha wakarudi nyumbani wakatazama msitu wao wenyewe. Je, huko ni kuiga? Basi na Mskoti wako ni mwigaji, maana wiski yake inalala katika mapipa yaliyotumika Marekani na Hispania, na jina la chombo cha kukenekea pombe kwa mvuke Wazungu walilipata kwa Waarabu.

Wewe mwenyewe husimulia kila mkutano huko ugenini kwamba Wamalaysia walichukua mbegu za michikichi hapa Kigoma, na leo wanatuuzia mafuta. Unasimulia kwa uchungu. Sasa chagua: mwanafunzi anaweza kumzidi mwalimu, au hawezi? Huwezi kumlilia Mmalaysia na kumdharau Frida kwa mdomo mmoja.

Anachotaka ni kukeneka kinywaji cha ndizi zetu, kwa leseni, mchana kweupe, na kukilaza kwenye mapipa miaka mitatu kabla ya kukiuza. Wajapani wamemwomba arudi ifikapo Januari. Bila kiwanja atarudi, na ufundi wake utazeekea kwao. Agnesi anasali asubuhi na jioni binti yake abaki. Mimi nimekwisha kutia sahihi, na Agnesi pia. Limebaki jina lako.

Wasalimu watoto na yule kijana wa huku kwetu, Castory; mwambie mama yake hajambo. Mungu akunyooshee goti na miaka yako yote.

Karatasi ya kiwanja imo ndani ya bahasha hii. Kaka Leodgar, tia sahihi. Nawe Shemeji Diana, ambaye najua unasomewa barua hizi kwa sauti, mpe kalamu sasa hivi, na asiinuke kitini kabla hajaandika jina lake.

Mdogo wako akupendaye hata anapokupinga,

Jeremia