Koti la Mlinzi wa Mnara

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kifungo kimoja cha shaba, cha pili kutoka juu, katika koti la Mlinzi wa Mnara. Kilifyatuka mazoezini, katikati ya kilio changu, kikampata mwongozaji kwenye paji la uso. Marehemu ameacha vifungo wenzake na uzi unaoning'inia.

Baada ya tanzia hiyo, u mzima? Zamu za wodi zinakuachia nafasi ya kulala? Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu.

Ila nina jambo. Miaka yote kikundi chetu cha kiwandani kikiigiza mchezo ule, Mlinzi, yule anayemnyonga mkewe kwa wivu wa bure, ni mimi, na mkewe ni wifi yako. Mwaka huu nafasi yangu amepewa mhasibu mpya, tunamwita Kalamu. Wifi yako kabaki palepale. Kwa hiyo kila jioni mimi nashika kamba ya pazia, na mke wangu anakumbatiwa na idara ya fedha.

Kalamu kasomasoma kwenye simu. Anasema Mlinzi si mtu mbaya, ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Wifi yako anaitikia kwa kichwa, macho yote kwake. Mimi nililia machozi ya kweli miaka yote hiyo, hakuna aliyeniitikia hata kwa kidole.

Wewe ndiye muuguzi wa magonjwa ya akili. Nipe jina la ugonjwa litakalomfunga mdomo. Dalili ni hizi: Mlinzi halali. Anapanda mnarani kuona mkewe anapita njia gani. Anawauliza majirani maswali ya kuzunguka. Mkewe akicheka na mtu, lazima aelezwe kichekesho. Mkewe akienda kuoga, anapekua simu yake.

Kaka yako

*

Tarehe 12 Machi

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima, isipokuwa miguu. Wodi imejaa hadi kwenye korido.

Kalamu kakosea. Mwenye sonona huishiwa nguvu, hata kuinuka kitandani ni kazi. Mlinzi wenu anapanda ngazi usiku kucha. Angeletwa kwetu, nadhani daktari angefikiria imani potofu ya wivu. Mtu wa namna hiyo haulizi ili ajue. Ameshajua, anatafuta ushahidi tu. Ukimwonyesha kwamba hakuna kitu, atasema kimefichwa vizuri. Hatubishani naye. Tunauliza analala vipi, anakunywa nini, na kabla ya yote tunahakikisha mkewe yuko salama. Kwenye mchezo wenu hakuna aliyekumbuka hilo.

Sasa, kaka yangu. Mchezo huo nimeuona kila mwaka. Mlinzi anatumia taa ya mafuta na filimbi. Mkewe simu kaipata wapi?

Unalala wewe?

Mdogo wako

*

Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nimeziruka, niwie radhi.

Sikupekua. Iliwaka yenyewe nikiwa jirani. Kalamu kamwandikia: "Kesho usinichekeshe unapokufa." Mimi nimemnyonga miaka yote, alinichekesha lini? Najua ni wifi yako aliyemwomba mwongozaji aniondoe.

Na kwa kuwa mimi ndiye fundi wa kushona mavazi ya kikundi, koti nimepewa mimi nilipunguze limkae Kalamu. Nimelipunguza. Mshono wa mgongoni nimeupitishia uzi wa kushikizia tu, ule tunaoutoa nguo ikishakamilika. Siku ya onyesho akiinua mikono kunyonga, litapasuka kuanzia shingoni hadi kiunoni, kiwanda kizima kikiangalia. Tuone sonona itamsitiri vipi.

Usimwambie wifi yako.

Kaka

*

Tarehe 18 Machi

Kaka, shikamoo.

Lishone.

Watu wakicheka pale, watamcheka na wifi pia. Atakuwa amelala sakafuni chini ya mikono ya mtu, hana pa kukimbilia. Unamlipizia nini?

Mlinzi hakumwandikia dada yake hata siku moja. Wewe umeandika, kwa hiyo bado sijakata tamaa. Huo wako naona ni wivu wa kawaida, hauna kidonge wala likizo ya ugonjwa. Lishone, kisha zungumza na mkeo.

Mdogo wako

*

Tarehe 27 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini miguu imepata nafuu. Barua yako ilinikuta onyesho limeshapita.

Sikulishona. Nilisimama na kamba yangu nikingoja. Kalamu akainua mikono. Koti kimya. Akageuka, taa zikampiga mgongoni, nikauona uzi mweusi mnene, pigo moja refu, moja fupi, mshono umepinda kama njia ya mlevi. Mkono huo naujua. Ndio ulioshona soksi zangu zote.

Nyumbani nilimkuta wifi yako anachemsha maji. Nikaanzia pabaya: "Kwa nini ulimwomba mwongozaji aniondoe?"

"Nani kamwomba?"

"Mnavyochekeana."

Akaweka sufuria chini. "Mshono niliuona nikipiga pasi. Nikashona, nikanyamaza, nikasema huyu atakuja kuniambia mwenyewe. Ndiyo umekuja na hili?"

Niliomba radhi, na la simu nikalikiri. Akamimina chai, kikombe kimoja tu. Kisha akasema, "Simu yangu ukiishika tena, utalala mnarani."

Nikauliza basi niliondolewa kwa nini. Akasema siku ile ya kifungo mwongozaji alijishika paji akatamka neno moja tu: koti halinitoshi tena, na jingine hatuna.

Jana nimefumua nilipolipunguza, nikalijaribu. Nimenenepa, na pembeni hakijabaki kitambaa cha kutanulia.

Kaka yako