Simsalimii Bartolomeo

Jumapili, 3 Agosti 1975
Nimechukia! Katekista Ponsian amemfuta mwanangu kwenye orodha ya ubatizo, mbele ya kigango kizima. Padre anakuja kutoka Mpanda Jumapili ijayo, halafu basi, mpaka Krismasi. Eti kwa sababu simsalimii Bartolomeo. Mpende adui yako, anasema, umsalimie, ndipo mtoto abatizwe.

Huyo Bartolomeo ndiye aliyesimama barazani akamwita mama yangu mchawi. Mama akafukuzwa mvua inanyesha, akafia ugenini. Mwaka jana serikali ikatuhamishia huku barabarani, viwanja vikapimwa kwa kamba, na jirani yangu nani? Yeye! Mwaka mzima nampita kama kisiki.

Mtoto ataitwa Romana, jina la mama. Wapende wasipende.

Jumanne, 5 Agosti
Nimefungua Biblia. Kumbe! Waraka wa pili wa Yohana: kuna mtu asikaribishwe nyumbani, hata salamu asipewe. Kwenye Zaburi mtu anachukia adui waziwazi, tena anajisifu. Na Yesu mwenyewe, Luka kumi na nne — ukifanya karamu usiite rafiki. Sasa rafiki asiitwe, adui apendwe? Nishike lipi?

Nikamfuata Ponsian kisimani. Nikamwambia: basi karamu ya Romana wewe hualikwi, maana ni rafiki. Watu wakacheka, naye akacheka. Akasema Yohana aliwasema walimu wa uongo. Nikamjibu, na Bartolomeo alifundisha nini kama si uongo?

Baadaye akaniita pembeni. Mama Romana, Luka hukumaliza. Soma mstari unaofuata.

Jumatano, 6 Agosti
Nimesoma. Waite maskini, viwete, vipofu.

Bartolomeo haoni tangu masika. Mke hana. Amefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, anaipapasa.

Sikubali! Upofu haumfanyi mtu kuwa mwema.

Ijumaa, 8 Agosti
Kalisti, mume wangu, kachoka nami. Msalimie yaishe, ni neno moja tu. — Neno moja! Hata "mchawi" ni neno moja.

Lakini naogopa. Mtoto wetu wa kwanza alikufa hajabatizwa, akazikwa pembeni bila sala. Krismasi ni mbali.

Jumamosi, 9 Agosti
Amekuja mwenyewe! Mchana kweupe, fimbo inagonga ukuta. Nikasema moyoni, leo atanikoma.

Mama Romana, akaanza — jina la mama kinywani mwake! — nasikia ni mimi ninayemzuia mtoto. Nitamwambia Ponsian tumesalimiana, kisha niende kwa dada yangu. Kesho hutaniona.

Yaani anisaidie kwa uongo! Nikamwambia, ulishaongopa mara moja juu ya nyumba yetu, inatosha.

Ndiyo, akasema, niliongopa. Mama yako hakuwa na kitu. Mwanangu alikuwa amekufa, nikatafuta wa kumlaumu.

Akanyoosha mkono. Umeelekea kwenye nguzo ya mlango, si kwangu.

Nikasema ngoja. Nimeingia ndani naandika, kalamu inachana karatasi. Miaka sita nimeyasubiri maneno hayo, na sasa kayasema, nakasirika zaidi! Salamu yangu si ada ya ubatizo. Nikimpa, nitampa kwa kutaka mwenyewe, si kwa sababu ya Ponsian. Wala si kwa sababu haoni.

Nimechungulia. Mkono bado ameunyoosha.