Oili Nyeusi Kwenye Kitambaa

Mwenzangu, kwanza niliona kitambaa cha kufutia kijiti cha kupimia oili kimekuwa cheusi. Oili ya giaboksi ya otomatiki si huwa nyekundu?

Kaka alipima ya lori lake injini ikiwa imezimwa. Akaniambia, "Imejaa, nifungulie geti."

Sijui sauti niliitoa wapi. Nikasema, "Washa kwanza, ipate moto, ndiyo uchomoe kijiti." Mimi huyu! Hata dukani naagiza kwa kunong'ona.

"Haya, fundi mkuu!" Akacheka, lakini akawasha. Ikanguruma mpaka ikapata moto, akapitisha gia zote. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akachomoa tena.

Oili nchani tu. Nyeusi. Inanuka kuungua.

Kicheko kikamkatika. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Baba."

Akazima injini, akakaa chini palepale. Leo alikuwa ateremke na mzigo mlima uleule ambako lori lilimshinda baba siku aliyokufa. Mlima uleule, mwenzangu!

Mikono niliyoshikia kitambaa kile nimenawa kwa sabuni, harufu haitoki. Naijua. Sijawahi kumwambia mtu: shati la baba walilotuletea kutoka ajalini lilinuka hivihivi. Nimelificha chini ya godoro, sijalifua mpaka leo.