Wa Kunivisha Beji

Malton, Jumatano

Shangazi Daulat, shikamoo!

Kaa chini kwanza, maana nina furaha hadi mwandiko unaruka, utauona kwenye picha hii ya barua ninayokutumia kwa simu. Ile sororiti niliyokueleza, chama cha wasichana wa chuo wanaoitana dada, wamenikubali! Jumamosi tunavishwa beji. Wawili nimeshawafundisha kukaanga kachori. Moja iliwapasukia kwenye mafuta, tukacheka jiko zima.

Baridi imepungua. Mama bado yuko kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, wiki hii zamu ya asubuhi.

Ila juzi nilikaribia kujitoa. Desturi yao, beji anakuvisha mwanamke aliyekulea. Nilipopewa fomu niliandika jina lako bila hata kufikiri. Kufika nyumbani, namkuta Mama anajaribu viatu vipya alivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Unajua aliniacha kwako nina miaka mitatu, akaja huku ng'ambo kututafutia maisha, nami nikamfuata nina kumi na sita. Nikaona heri nijitoe kuliko kuchagua kati yenu.

Jana akaiona fomu mezani. Aliisoma akiwa bado na koti la kazi, akasema, "Usifute. Jina liwe lake, mkono utakuwa wangu. Tutampigia simu ya video aone."

Nabaki, Shangazi! Jumamosi, saa kumi na mbili jioni ya huko, uwe umeshavaa. Na Mama akitokea kwenye simu, tafadhali visifie viatu vyake.

Mwanenu,
Sakeena