Mama Mkwe Aliongea na Kamera

Jumatano, alasiri. Sumbawanga mjini jua limetoka, lile la huku juu linalong'aa bila kupasha. Nimevaa koti na bado nasikia baridi, ingawa sidhani kama kosa ni la hali ya hewa. Naandika kwa simu, kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Viatu vyangu vina udongo wa kijiji cha Pito mpaka kwenye kamba.

Naandika ili nisiende tena kumsumbua nesi. Mara ya mwisho aliniambia, "Baba, ukirudi hapa nakupa ufagio, angalau uwe na kazi."

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwaambia hapa kwenye ukurasa wangu kwamba natengeneza video fupi ya ukungu. Dakika tatu, bila maneno, bila muziki wa kuazima. Ukungu tu unavyolala kwenye matuta ya Pito asubuhi, na sauti za mahali penyewe. Nilieleza kirefu sana. Mtu akieleza kirefu hivyo ana la kuficha; mngenishtukia.

Ukungu upo hata nyuma ya chumba changu hapa mjini. Nilikuwa nakwenda Pito kwa sababu mke wangu alikuwa Pito.

Edita ana mimba ya kwanza, na kwao mimba ya kwanza humalizikia kwa mama. Ilipofika miezi minane alifunga begi, mimi nikabaki na sufuria. Kwenda kumwona si jambo jepesi, maana mimi na mama mkwe hatuangaliani usoni. Hatujagombana, ni heshima. Nikikutana naye njiani naingia kwenye majani mpaka apite. Akiwa na neno kwangu humwambia mtu mwingine mbele yangu: "Mwambieni huyo baba chai iko mezani." Na mimi niliyekaa hapo hapo mezani nasubiri niambiwe. Nimekulia Kirando, ziwani, ambako watu hupigiana kelele kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine. Adabu hii nimejifunza ukubwani, na naishika kwa woga wa mwanafunzi aliyehamia katikati ya muhula.

Basi kamera ikanipa sababu. Mwanaume akisimama shambani kumekucha tu, akikodolea nyumba ya watu, ataitiwa mgambo. Akiwa na kamera, ni msanii. Kutoka pale mteremkoni nauona moshi wa jikoni kwa mama mkwe. Moshi ukitoka mapema nasema wameamka salama. Ukichelewa, ugali haupiti siku nzima.

Nakiri pia kwamba video yenyewe niliitaka. Kamera yangu ni ndogo, ya hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, ambazo unachokiona kwenye skrini ndicho utakachopata. Katika maisha yangu hicho ni kitu kigeni. Nimejifundisha mwenyewe, kwa kuwatazama watu mtandaoni wanaoongea kama wanakimbizwa. Inapiga harusi na kipaimara, ndiyo inayotulisha. Edita ndiye aliyesema, "Tengeneza basi kitu kimoja ambacho hakina keki."

Ukungu ni mgumu kuliko bibi harusi. Lenzi inatoa jasho. Betri inakufa kwa baridi, kwa hiyo ya akiba naiweka kwapani. Na ukungu ukiwa peke yake ni shuka jeupe linalotikisika, hauna mbele wala nyuma, mpaka apite kiumbe ndani yake. Halafu kamera hii ina tabia moja: inatafuta jicho la mtu. Ikilipata inaliwekea kisanduku cha kijani na hailiachii. Asubuhi zote zile kisanduku kilikuwa kinatangatanga kwenye weupe kama mgeni aliyesahau nyumba.

Leo palikuwa pazuri kupita siku zote. Mvua ilinyesha jana, majani yamelala, matuta yamejipanga hadi bondeni na maharage yamechipua juu yake. Nikasimamisha stendi, nikaivalisha maiki manyoya yake ya kuzuia upepo, nikawasha.

Kisanduku kikaacha kutangatanga. Kikatulia chini kabisa kwenye weupe, mahali ambapo mimi sikuona kitu.

Kisha akatokea mtu. Kitenge, jembe begani, mwendo ninaoujua.

Nilifanya anachofanya mkwe aliyelelewa. Nikajitupa nyuma ya tuta. Kamera nikaiacha imesimama peke yake, inarekodi, inamkodolea mama wa watu bila adabu yoyote.

Hatua zikaja. Zikasimama. Halafu nikasikia makofi ya taratibu, ya viganja vilivyokunjwa, yale ya kusalimia mtu wa heshima huku magoti yameinama.

Mama mkwe alikuwa anaisalimia kamera.

"Umeamkaje, wewe jicho?" akasema. Kwa Kiswahili, si Kifipa, ili mtu wa Kirando aliyelala kwenye umande asije akajitetea kwamba hakuelewa. "Mwanangu amenikataza nisimwambie mume wake. Na mimi simwambii mume wake. Nakwambia wewe. Miguu imevimba tangu juzi, leo na uso. Kichwa kimemuuma usiku kucha, na anasema anaona vimulimuli ndani ya nyumba. Sasa kama unafahamiana na mtu yeyote mwenye akili, hata kama amelalia maharage yangu kama panya, mwambie ukungu utakuwepo hata mwakani. Alete gari."

Sikujua kwamba mtu anaweza kulowa umande na jasho kwa wakati mmoja.

Kliniki walituambia sote wawili, mimi nikiwa nimekaa pale na kofia mapajani: uso ukivimba, kichwa kikiuma, akianza kuona nyota, msingoje. Walilitaja kwa jina lake, kifafa cha mimba. Na kila siku kwenye simu Edita ananiambia, "Niko poa, wewe piga ukungu wako." Alijua angeniambia ukweli ningehamia kwao na godoro.

Na hapa niseme jambo ambalo sijivunii. Sikuinuka hapo hapo. Mke wangu anaona vimulimuli, na mimi nimelala kwenye tope nikiwaza niinuke nikiwa nimegeukia wapi. Mwishowe nikainuka nimempa mgongo na kutimua mbio.

Nyuma yangu nikasikia akiiambia kamera, bila haraka, "Mwambie barabara iko huku."

Nilikuwa nakimbilia mlimani.

Nikageuka, nikajifunika koti kichwani, nikapita kando yake kama mwizi anayepelekwa kituoni. Barabarani mtandao ukashika. Nilimpigia Hamisi, mshikaji wangu, ambaye kwao wana duka mjini na yeye huendesha kirikuu cha mizigo.

"Oya Gasto! Umeuwahi ukungu leo?"

"Hamisi, njoo Pito. Edita."

"Natoka."

Hakuuliza lingine. Alikuja na mifuko ya sukari bado iko nyuma. Edita tukampandisha mbele. Uso wake sikuutambua vizuri, na nadhani aliona kwamba sikuutambua, maana alisema, "Usinitazame hivyo, si mimi, ni maji." Halafu akamgeukia mama yake dirishani. "Mama, umemwambia!"

"Sijamwambia mtu," akajibu mama mkwe. Na ni kweli.

Mimi na mama mkwe tulipanda nyuma, juu ya sukari, yeye ametazama tunakokwenda, mimi nimetazama tulikotoka. Kila shimo nilihisi limechimbwa kwa ajili yetu.

Hapa hospitali walipima presha, wakatazamana, wakaacha kutania. Wakamwingiza. Hiyo ilikuwa asubuhi. Tangu hapo tunaambiwa wanajaribu kuishusha.

Mama mkwe amekaa upande mmoja wa benchi, mimi upande mwingine, kamera katikati. Yeye ndiye aliyeibeba kutoka shambani. Mimi sikuikumbuka kabisa. Kabla ya kuanza kuandika niliiwasha ili mikono ipate la kufanya. Ilikuwa imeendelea kurekodi mpaka ilipojizima.

Kwanza nipo mimi, nakimbia kuelekea mlimani, nazidi kuwa mdogo mpaka weupe unanimeza, kisha unanitema nikiwa na koti kichwani. Halafu mkono unaziba lenzi na dunia inapinduka. Aliiweka begani pamoja na stendi yake, kama jembe, akaenda nayo nyumbani. Mbingu iko chini, matuta yako juu, majani yanapita, pindo la kitenge linapita, yote yanakuja na kupotelea kwenye ukungu. Kamera inatafuta jicho na hailipati. Ndiyo picha niliyokuwa naitafuta asubuhi zote zile, na nisingeweza kuipiga, kwa sababu mimi ningeishika kamera vizuri.

Nikaweka spika za masikioni.

Zilikuwepo hatua zake, za haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, na pumzi. Na kwa kila hatua neno, kwa sauti ya chini: "Huyu hapana. Huyu hapana. Mungu Baba, huyu hapana."

Edita alikuwa na dada, Oresta. Namjua kwa msalaba ulio nyuma ya nyumba, ambao hata msimu wa majani marefu pembeni yake pamefagiliwa. Sikuwahi kuuliza alikufa na nini. Mkwe haulizi hivyo. Nadhani leo nimejibiwa.

Nikavua spika. Niliizima kamera taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alichokosea. Video hiyo hamtaiona hapa, na msiniulize. Mimi nimemwogopa mama huyu tangu siku ya posa. Kumbe na yeye muda wote alikuwa na kitu anachokiogopa, na kilikuwa kinamkaribia zaidi kila mwezi mimba ya Edita ilipokua.

Naacha kuandika kidogo, nesi anatuita.

Nimerudi. Niandike kama ilivyokuwa.

Nesi alisema presha imeshuka kiasi, mapigo ya mtoto wanayasikia. Kesho asubuhi watampeleka kupasuliwa, ila ikipanda kabla ya hapo hawatangoja kuche. "Mmoja wenu aingie amwone. Mmoja, na asimchoshe."

Hakukuwa na la kujadili. Mama huingia kwa mwanawe. Nikajibana ukutani kumpisha, macho sakafuni, nikisubiri ndala zake zipite.

Hazikupita. Zilikuja zikasimama mbele ya viatu vyangu.

"Gasto."

Hajawahi kutamka jina langu mbele yangu. Nikainua uso, sasa ningefanya nini? Ana macho ya Edita, yaliyochoka zaidi. Hakuyahamisha.

"Nenda wewe, baba," akasema. "Mimi nimemwona tangu siku ya kwanza. Wewe hata hujamshiba."

Nikaingia. Edita alikuwa amelalia ubavu, mpira wa dawa mkononi.

"Mama ndiye aliyekwambia?"

"Hapana."

"Muongo." Akapumzika kidogo. "Ukungu umeupata?"

Nikamwambia nimeupata. Nilikuwa na mengine mengi ya kusema, nimeyapanga tangu asubuhi juu ya sukari ya Hamisi, lakini alishika kidole changu kimoja, akafumba macho, na nikaogopa hata kuvuta pumzi kwa nguvu. Nesi akanikoholea.

Nilipotoka, mama mkwe aliniuliza mwenyewe, bila kumpitia mtu: "Anaongea?"

"Ameniita muongo, mama."

"Basi yupo," akasema, akakaa.

Sasa tumekaa tunatazama upande mmoja, kwenye mlango wa wodi. Amenikatia nusu ya hindi la kuchemsha na sijalimaliza. Jua linakwenda. Mlango ukifunguliwa kabla ya kukucha, maana yake presha imepanda. Kwa hiyo sisi wawili, ambao kutwa nzima tuliomba mtu atoke pale atuambie chochote, tunaomba usiku wa leo asitoke mtu.