Anaeli katika Picha Zinazotembea

Jumatano

Mwanangu Anaeli ameingia kwenye picha zinazotembea! Nani mwingine hapa Akheri amezaa mtoto wa namna hiyo?

Leo Mdachi mwenye kile chombo cha kupigia picha hizo amewapiga picha, yeye na Loishiye, mwenzake wa kukamata wezi wa ng'ombe kabla hawajaachishwa uaskari. Walivaa kofia zao za zamani za uaskari, wakamkimbiza mpishi wa Mdachi aliyejifanya mwizi. Anaeli na mguu wake ule mbovu akaanguka kwenye tope, kweli kweli.

Mdachi akacheka mpaka akashika tumbo. Akamwambia, "Anguka tena."

Mwanangu akaanguka tena. Loishiye akanisogelea taratibu. "Mama, hii picha ni ya kuchekesha watu. Mwenzangu anadhani tunasifiwa."

Jioni Anaeli akaniuliza, "Mama, nimekimbia vizuri?"

"Vizuri sana, baba."

Ningemwambia nini? Alikuwa anaipangusa ile kofia.

Picha itaonyeshwa kwenye shuka nyeupe pale shuleni, na mimi na huu mdomo wangu nimeshaalika kila mtu toka hapa hadi Nkoaranga, hata wakwe zake. Wote wanakuja Jumamosi.